Ndege wa Uani kwa Rangi za Maji: Mwongozo Kamili wa Kuchora Katika Joto la Malindi

Papai likianza kuiva mtini, wa kwanza kujua huwa ni ndege aitwaye shore. Mpaka saa moja asubuhi amekwisha kulitoboa tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa, na mdomo wake mweusi umejaa rangi ya chungwa hadi karibu na macho. Uani kwetu hapa Malindi kuna mpapai, mkomamanga na minazi miwili, na karibu yote niyajuayo kuhusu kuchora ndege nimejifunza nikiwa nimekaa barazani nikiitazama miti hiyo minne.

Mafunzo mengi ya rangi za maji yametungwa na wachoraji wa nchi za baridi, ambako karatasi hubaki mbichi kwa muda mrefu. Ukiyafuata neno kwa neno hapa kwetu mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, rangi itakuwa imekauka mgongoni mwa ndege kabla brashi haijafika mkiani. Utabaki na mistari migumu mahali ulipotaka ulaini, na utadhani huna kipaji, kumbe maji yamekukimbia. Kwa hiyo mwongozo huu, pamoja na kumhusu ndege, unahusu sana maji: lini yapo kwenye karatasi, lini yameondoka, na ufanye nini katika dakika zile chache ulizo nazo.

Nitamtumia shore tangu mwanzo hadi mwisho. Hana rangi za kung'aa: kichwa ni cheusi chenye ukahawia na kishungi kifupi, mgongo ni kahawia ya kijivu, kifua kinafifia taratibu hadi tumbo jeupe, na chini ya mkia pana njano safi. Ukimweza shore, umejifunza vivuli. Mwishoni nitasema ya mnana na ya chozi, kwa sababu hao wawili wana matatizo yao wenyewe.

Kumtazama kabla ya kumchora

Chomeka kipande cha papai kwenye kijiti, umbali wa hatua nne au tano kutoka unapokaa, na uweke bakuli la maji kivulini. Maji yabadilishe kila siku. Kaa mahali palepale kila asubuhi. Siku za kwanza watakukimbia. Baada ya wiki hivi watakuona kama nguzo ya baraza.

Kazi ya siku hizo si picha. Chukua karatasi yoyote na penseli, uchore vijichoro vidogo, kila kimoja nusu dakika. Ndege akiruka, acha kichoro kilivyo, anza kingine. Vingi havitafanana na chochote, na havihitaji kufanana. Unachotafuta ni majibu ya maswali machache: mdomo umeelekea wapi ukilinganisha na mstari wa mgongo? Miguu inatokea wapi tumboni? Mkia una urefu gani ukiuweka kando ya mwili? Bawa lililokunjwa linaishia wapi juu ya mkia?

Utaona pia kwamba umbo hubadilika na saa. Alfajiri, penye ubaridi kidogo, shore hujaza manyoya na kuwa mviringo kama limau. Saa saba mchana amebana manyoya, shingo imetokeza, mdomo uko wazi akihema, na mabawa ameyaachia mbali kidogo na mwili ili apate hewa. Huyo wa alfajiri na huyo wa mchana ni ndege mmoja, lakini mchoro wake si mmoja. Ukichanganya kiwiliwili cha asubuhi na kichwa cha mchana, mtazamaji atahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Simu nayo itumie, ila ujue inakudanganya wapi. Picha ya simu inakuhifadhia vizuri mpangilio wa manyoya na umbo la kucha. Vivuli inavitia weusi, na sehemu zenye jua inazifanya nyeupe tupu. Rangi ya kivuli ichukue kwa macho yako, uiandike kwa maneno kando ya kichoro: "tumbo chini, joto, kama chai ya maziwa."

Usimnase ndege ili umchore. Ndege wa porini analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na hata bila sheria, ndege aliye kwenye tundu hukaa vibaya: manyoya yamevurugika, macho yamejaa hofu, na mchoro utayaonyesha yote hayo. Ukitaka kujua bawa limejengwaje, subiri siku kuku wa kienyeji atakapochinjwa nyumbani, uombe bawa moja kabla halijanyonyolewa. Litandaze juu ya gazeti, ulivute, ulikunje. Kule nchani utahesabu manyoya kumi marefu magumu, kisha yanafuata ya mkono, kisha yale mafupi yanayofunika mashina ya yote. Jengo hilo ndilo analotumia shore, ndilo la mnana, ndilo la kunguru. Nilikaa na bawa la kuku asubuhi nzima nikilikunja na kulikunjua, na tangu siku hiyo sijawahi tena kuchora bawa linalofanana na jani.

Vifaa vichache, ila viwe vizuri

Karatasi ndiyo ya kugharamia. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba kwa asilimia 100 ukiweza, yenye uso wa mikwaruzo midogo. Manila ya shuleni hujikunja na kuchunika mara tu unapopitisha brashi mara ya pili. Mimi huagiza karatasi chache kutoka Mombasa na kukata kila moja vipande vinne. Ndege wa ukubwa wake halisi, wa sentimita 18 hadi 20 kama shore, anaenea vizuri kwenye kipande kimoja.

Hifadhi yake ni jambo la kuliangalia sana huku pwani. Mwaka mmoja niliacha bunda zima kabatini wakati wa masika. Kwa macho lilikuwa safi kabisa. Nilipotia rangi ndipo yakajitokeza madoadoa, mahali ambapo rangi ilizama kama inavyozama kwenye tishu, kwa sababu koga ilikuwa imekwisha kula ule utomvu ambao kiwanda huutia ili karatasi isinywe maji haraka. Hakuna dawa ya hilo. Tangu hapo karatasi zangu hukaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Brashi tatu za mviringo zinatosha: namba 8, namba 4 na namba 1. Ijaribu dukani kwa kuichovya na kuitikisa mara moja. Ikikusanyika ncha kali, inunue, ikitawanyika, irudishe hata kama jina lake ni kubwa. Ongeza brashi moja iliyochakaa, nywele zimetanuka, utaihitaji kwenye manyoya.

Rangi ninazotumia ni sita, na nakushauri usome namba zilizoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tyubu, kwa kuwa majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni lakini namba hazibadiliki. Njano PY154. Njano ya udongo PY43. Waridi PV19. Buluu ya altramarini PB29. Buluu ya fithalo PB15. Na kahawia PBr7, ile ya udongo uliochomwa yenye wekundu. Namba hiyo PBr7 hubebwa na kahawia kadhaa, nyekundu na nyeusi, kwa hiyo tazama rangi yenyewe pia. Nyekundu iliyoandikwa PR83 iache, kwa kuwa hufifia kwenye mwanga, na mwanga wa huku ni mkali. Nyeusi ya tyubu sinunui. Altramarini na PBr7 zikichanganywa nzito zinatoa weusi wenye uhai, unaoweza kuusogeza kwenye ubuluu au ukahawia utakavyo.

Cha kuchanganyia ni sahani nyeupe ya kauri. Cha kufyonzea maji ni leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, inashinda tishu kwa mbali. Uwe na vyombo viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia na kimoja kisichoguswa na brashi chafu. Na sinia. Tutalifikia sinia.

Mchoro wa penseli

Anza na mayai mawili: kubwa la mwili, limelala kwa mshazari, na dogo la kichwa. Kabla ya kuyaunganisha, chora mstari mmoja mwepesi kutoka ncha ya mdomo, kupitia jichoni, hadi nyuma ya kichwa. Mstari huo ndio unaoamua ndege anatazama wapi. Jicho la ndege halikai katikati ya kichwa; liko mbele kidogo, juu kidogo ya ile pembe ambapo midomo miwili inakutana. Kosa la milimita mbili hapo linamgeuza shore kuwa njiwa.

Kisha angalia uzito. Teremsha mstari wima kutoka katikati ya mwili. Nyayo lazima ziwe karibu na mstari huo, la sivyo ndege anaanguka kutoka tawini. Kile kinachoonekana kama goti lililokunjwa kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo.

Penseli iwe nyepesi, na raba itumie kidogo. Karatasi iliyosuguliwa sana itaonyesha michubuko mara tu rangi itakapopita. Mimi huchora kwanza kwenye karatasi ya kawaida, nikiridhika naibandika dirishani asubuhi, naweka ile nzuri juu yake na kufuatisha.

Kuyasoma maji

Fikiria sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki. Kwanza ina vidimbwi. Kisha vidimbwi vinaisha, sakafu yote inang'aa sawasawa. Kisha mng'aro unapotea, lakini ukikanyaga bado ni baridi. Mwisho imekauka. Karatasi yako inapita hatua hizohizo nne, ila kwa haraka zaidi, na kila hatua ina kazi yake.

Penye vidimbwi usitie rangi; itakwenda itakako yenyewe. Inapong'aa sawasawa, hapo ndipo unapodondosha rangi na kuiacha ijitandaze, kama ule mpito wa kifua cha shore kutoka kahawia hadi nyeupe. Mng'aro ukishapotea huku ubaridi upo, ndiyo hatua ya hatari kuliko zote. Ukigusa kwa brashi yenye maji mengi, maji yatasukuma rangi iliyokuwa inatulia na kuacha doa lenye kingo za mapindomapindo kama koliflawa. Kwenye hatua hiyo ama uinue mkono kabisa, ama utumie brashi iliyokamuliwa yenye rangi nzito tu, ambayo itatoa ukingo laini ulio mzuri sana kwa manyoya ya shingo. Karatasi ikikauka, kila mstari utakaouchora utabaki kama ulivyo. Kujua kama imekauka kweli, karibisha mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, subiri.

Huku kwetu muda wa mng'aro ni mfupi, na hapa ndipo sinia linapoingia. Lowesha karatasi pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa brashi pana au sponji, kisha ilaze juu ya mgongo wa sinia la bati au la aluminiamu lililo laini. Bati halinywi maji, kwa hiyo unyevu wa chini unabaki umenaswa na kupanda juu polepole. Karatasi inajishikiza yenyewe bila tepu, na unapata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi. Futa ziada kwa leso mpaka vidimbwi viishe, halafu anza.

Wako wanaotia tone la asali kwenye maji ili rangi ichelewe kukauka. Ni njia ya zamani na hufanya kazi, ila kwa unyevu wa pwani picha hubaki inanata, na asubuhi utawakuta sisimizi wamefuata. Mimi siishauri. Afadhali kufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ndani ya ukumbi, mbali na feni. Msimu wa masika tatizo hugeuka: karatasi hukaa mbichi saa nzima, na pupa ndiyo inayoharibu picha. Hapo kikaushio cha nywele, kikishikwa mbali, si dhambi.

Jambo moja zaidi: rangi ya maji ikikauka hupauka. Tia kivuli kidogo zaidi ya unavyodhani yafaa.

Jicho na mdomo

Wengi huacha jicho liwe la mwisho. Mimi huanza nalo, kwa sababu likiharibika nimepoteza dakika kumi tu, na likitoka vizuri linanitazama kazi yote iliyobaki na kunidai nisilegee.

Acha nukta ndogo ya karatasi tupu upande wa jua. Nukta hiyo ndiyo uhai; usiitegemee rangi nyeupe baadaye. Tia kahawia PBr7 kwenye duara lote isipokuwa nukta. Ikikauka, tia mboni kwa mchanganyiko mzito wa altramarini na kahawia, ukiacha kahawia nyembamba chini kama mwezi mwandamo. Jicho la shore ni jeusi kwa kutazama haraka, lakini ule mwezi mwembamba ndio unaolifanya liwe tufe.

Niliwahi kuishia hapo. Nikampelekea bibi yangu picha, akaitazama akiwa amekaa kwenye mkeka wake akipepeta mchele. Akasema, "Mjukuu wangu, ndege mzuri, lakini umempa jicho la samaki." Nikamuuliza kwa nini. "Samaki hafumbi. Huyu anafumba. Ukope wake uko wapi?" Nikarudi barazani na darubini. Kweli, kuzunguka jicho kuna ukingo mwembamba wa ngozi, mweusi lakini wenye kushika mwanga kidogo sehemu ya chini, kama uzi uliokatikakatika. Tangu siku ile nauchora kwa brashi namba 1, kijivu nyepesi, kisha naukatiza mahali pawili patatu kwa weusi. Bila ukingo huo jicho limebandikwa; ukiwepo limekaa ndani ya kichwa.

Mdomo ni mweusi, ila juu yake unapita mwanga wa anga. Tia kwanza buluu nyepesi sana kote, ikauke, kisha weusi chini na pembeni ukiacha ukanda mwembamba wa buluu mgongoni mwa mdomo. Unapokutana na uso, usikate mstari. Manyoya madogo hupanda kidogo juu ya mdomo, kwa hiyo vuta vijistari viwili vitatu kutoka usoni kuelekea mbele.

Mwili, mkono kwa mkono

Changanya rangi zote kabla hujalowesha karatasi. Hili ni sharti. Vidimbwi vitatu kwenye sahani: kahawia ya kijivu (PBr7 na altramarini, maji mengi), njano ya udongo iliyopauka sana, na njano PY154 safi.

Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza wa rangi. Karatasi ikiwa juu ya sinia na mng'aro umekaa sawasawa, tia kahawia ya kijivu mgongoni na kwenye bawa, iteremshe hadi kifuani na uiache ijifie yenyewe kabla ya tumbo. Tumbo ni karatasi tupu. Sehemu ya chini kabisa ya tumbo gusa kwa njano ya udongo iliyopauka. Njano ya chini ya mkia itie peke yake, baadaye kidogo, isije ikapanda. Inua mkono. Acha ikauke kabisa.

Hapa nisimame kidogo juu ya tumbo jeupe, maana ndipo ndege wa pwani anapotofautiana na ndege wa vitabuni. Wengi hutia kivuli cha tumbo kwa kijivu baridi. Lakini jua la huku hupiga mchanga mweupe na kuta za chokaa, kisha mwanga hurudi juu ukiwa na joto. Tazama shore aliyekaa juu ya ukuta saa tatu asubuhi: upande wa mwili unaoelekea anga kivulini una ubuluu, na upande unaoelekea chini una rangi ya chai ya maziwa. Akikaa ndani ya majani ya mpapai, tumbo linashika kijani. Mweke mahali mahususi, umpe mwanga wa mahali hapo. Hilo peke yake linampa uzito kuliko unyoya wowote utakaouchora.

Mkono wa pili ni vivuli: chini ya bawa, ubavu ulio mbali na jua, mahali mkia unapoungana na mwili, chini ya kidevu. Tia rangi kwenye karatasi kavu, kisha haraka, kwa brashi safi iliyokamuliwa, lainisha ukingo mmoja na uuache mwingine mkali. Kivuli chenye kingo mbili kali kinaonekana kama kiraka.

Mkono wa tatu ni kichwa. Mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi. Anzia kwenye mdomo kwenda kisogoni, na kwenye kishungi vuta kwa brashi ile chakavu, karibu kavu, nywele zikiwa zimetanuka ili kila mpapaso utoe vijistari vingi. Pale weusi wa kichwa unapokutana na kahawia ya kifua, lowesha kidogo na uache vichanganyike. Kwenye paji acha mahali pamoja pawe pepesi, pale jua linapogonga.

Bawa

Ukitaka kuelewa bawa lililokunjwa, tazama paa la makuti. Kila safu inafunika shina la safu iliyo chini yake, na maji yakinyesha hayapati pa kuingilia. Manyoya ni vilevile: mafupi ya begani hufunika mashina ya marefu, na yale marefu kabisa ya nchani hujificha chini ya mengine, yakitokeza ncha tu juu ya mkia.

Usichore kila unyoya kwa mstari mweusi kuuzunguka, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumgeuza ndege kuwa samaki mwenye magamba. Unyoya una ukingo uliopauka na katikati iliyokolea. Kwa hiyo tia rangi ya katikati, ukiacha uzi wa mkono wa kwanza uonekane pembeni. Anza na manyoya marefu, ukishuka nayo kwa mikono isiyo na haraka, halafu safu ya kati. Zile fupi za begani zitie mbili tatu tu karibu na mwanga, na nyingine ziache zizame kivulini. Jicho la mtazamaji litazijaza lenyewe.

Ndege wengi wa mtini wana manyoya 12 ya mkia, lakini mkia ukifungwa utaona mawili au matatu. Chora hayo unayoyaona.

Miguu na tawi

Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Cha nyuma kina vipingili viwili, cha kati vinne, cha nje vitano, ukihesabu na ukucha. Ukijua hivyo, utajua kidole kinapinda wapi. Mguu wa shore ni mweusi, utie kama mdomo, buluu nyepesi kwanza. Kucha lazima zikumbatie tawi. Tia kivuli chembamba chini ya kila kidole, vinginevyo ndege anaelea.

Shina la mpapai lina makovu ya majani yaliyoanguka, yana umbo zuri. Chora mawili yaliyo karibu na ndege na uyafifishe yaliyo mbali. Nyuma ya ndege sipendi kujaza. Kijani laini cha njano na altramarini, kikitiwa kwenye karatasi mbichi upande mmoja tu, kinatosha. Kitie kabla ya kukoleza kichwa, kwani ukichelewa weusi utatiririkia kwenye kijani.

Mnana: tatizo la njano

Mnana wa minazi ni njano tupu, kichwa kina uchungwa, mdomo mweusi na jicho jeusi. Angalia jicho vizuri, kwa kuwa pwani kuna ndugu yake, wa njano vilevile, ambaye jicho lake ni la rangi ya chungwa yenye wekundu. Ukikosea jicho, umechora ndege mwingine.

Njano haina giza ndani yake. Hata uongeze njano mikono kumi, hutapata kivuli, na ukitia zambarau, kama wanavyofundisha wengi, mara nyingi unapata tope. Njia ninayoiamini ni kushuka kwa ngazi: njano PY154 mwili mzima, ikauke, njano ya udongo ubavuni, ikauke, kahawia PBr7 nyepesi sana mahali penye kivuli kizito. Kisha mguso wa kijani pale makuti yanaporudisha mwanga. Kichwa ni njano na waridi kidogo, itiwe wakati njano ya kwanza bado inang'aa ili isiwe na mpaka. Suuza brashi kwenye maji safi kila mara, chembe moja ya buluu inaharibu yote.

Chozi: mng'aro wa chuma

Mng'aro wa chozi dume hautoki kwenye rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unatoka kwenye muundo wa unyoya wenyewe, unaogawa mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo kijani huwa buluu, na kivulini huwa mweusi kabisa. Hakuna tyubu ya rangi hiyo, na rangi za kumetameta zinazouzwa hufanya ndege afanane na kadi ya harusi.

Mng'aro huzaliwa kwa ujirani. Tia kijani cha fithalo na njano, safi na iliyokolea, kwenye sehemu zinazoshika jua tu, zikiwa vipande vidogo vyenye kingo kali. Kando yake buluu ya fithalo, nayo safi. Ikikauka, jaza kila kilichobaki kwa weusi wa altramarini na kahawia, hadi uguse rangi zile bila kulainisha mpaka. Kwenye shore nilikuambia ulainishe. Kwenye chozi usilainishe. Acha pia vipande viwili vitatu vya karatasi tupu, vidogo kama punje ya mtama, kilele cha mwanga. Fithalo ikishaingia kwenye karatasi haitoki, kwa hiyo fanya majaribio pembeni kwanza.

Kosa likitokea

Altramarini na kahawia huinuka: lowesha mahali hapo kwa brashi safi, subiri kidogo, kandamiza leso bila kusugua. Rudia mara mbili, si zaidi, kisha acha ikauke usiku kucha kabla ya kugusa tena. Doa la koliflawa likitokea kwenye mwili, mara nyingi linaweza kuwa kundi la manyoya ukilipa kivuli upande mmoja. Likitokea usoni, anza upya. Jicho unalijua sasa.

Picha iliyokwisha iache siku mbili ikauke hadi ndani, ndipo uiweke kwenye fremu yenye kioo, na katikati uweke kadi ili kioo kisiguse rangi, maana unyevu hujikusanya nyuma yake. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua wala ule wa nje unaovuja chumvi. Nyuma yake andika kwa penseli tarehe, saa, mti aliokuwa amekaa na upepo uliokuwa unavuma.